Siku Tuliyorekodi Nyatiti Ndhiwa

Siku yangu ya kwanza kazini Fundi Mkuu hakunipa kiti, alinipa waya. Ulikuwa waya mrefu wa maikrofoni, mweusi, umekunjwa kama kamba ya kufungia ng'ombe, na aliuweka mikononi mwangu kabla sijamaliza kumsalimia.

"Una cheti?" akauliza.

"Ninacho, mzee. Cha umeme na redio."

"Kirudishe kwa mkoba. Huu waya ni mgonjwa. Nionyeshe panapouma."

Hapo ni Migori mjini, mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika studio ndogo nyuma ya duka la kuuza kaseti. Nilikuwa nimetoka kwetu Uriri asubuhi na sketi mpya ambayo mama alinishonea kwa ajili ya kazi ya ofisi, maana nyumbani walidhani naenda kukaa mezani na kupokea simu. Ofisi gani! Nilijikuta nimepiga magoti kwenye saruji, hedifoni masikioni, nikiukunja waya ule kidogo kidogo huku Fundi Mkuu akisema kwenye maikrofoni maneno yaleyale: "Moja, mbili, Migori. Moja, mbili, Migori." Nilipokaribia mwisho wa waya sauti yake ikakatika. Nikaachia, ikarudi. Nikakunja tena, ikakatika tena.

"Ni hapa," nikasema.

"Haya. Sasa unaweza kukaa."

Yeye alikuwa Mkuria wa upande wa Isebania na mimi Mjaluo, kwa hivyo tulifanya kazi kwa Kiswahili na tukagombana kwa Kiswahili. Alikuwa mkali, lakini alinifundisha kila ninachokijua. "Mashine ikikataa," alikuwa akisema, "usikimbilie bisibisi. Anza nje, ingia ndani. Betri kwanza, halafu plagi, halafu waya, halafu kichwa. Ukifungua mashine ya watu kabla ya hapo, nitakufungua wewe."

Kichwa alichokisema ni kile kichuma kidogo kinachogusana na utepe wa kaseti. Ndicho kinachoandika sauti. Kikishika uchafu, mtu husikika kana kwamba anaongea akiwa ndani ya blanketi, na wengi walikuwa wakitupa rekoda nzuri kwa sababu ya uchafu ambao pamba na spiriti zingeutoa. Pembeni yake kuna kigurudumu cha mpira kinachouvuta utepe. Kikizeeka na kuteleza, kaseti huliwa, na ukifungua mlango unakuta utepe umejizungusha mle ndani kama matumbo ya kuku. Mvumo mzito unaotoka kwenye spika wakati hakuna anayeongea, huo kwa kawaida ni wa umeme, na dawa yake ni kuchomoa vifaa kimoja kimoja mpaka unyamaze. Cha mwisho kuchomolewa ndicho mkosaji.

Kuna kwaya kutoka Muhuru Bay walituletea kaseti waliyojirekodia wenyewe huko ziwani. Walipoicheza kwetu, wazee wa besi walisikika kama vifaranga. Mwalimu wa kwaya alikuwa karibu kulia. "Fundi, watu wangu wamerogwa?" Fundi Mkuu akacheka mpaka akashika meza. Betri zao zilikuwa zimechoka. Mota ilizunguka polepole wakati wa kurekodi, na kaseti hiyo ikichezwa kwa umeme mzima, lazima sauti zikimbie. Tulipunguza mwendo wa mashine, tukawarekodia upya, na wazee wakarudi kuwa wazee.

Baadaye mwenye duka aliacha mambo ya kaseti akaingia biashara ya simenti, studio ikafungwa, nami nikapata kazi Homa Bay katika kituo kilichorekodi nyimbo na mazungumzo ya kupelekwa redioni. Mkubwa wangu hapo alikuwa Mkurugenzi. Alikuwa mwalimu zamani, mtu mrefu, mpole wa maneno, lakini alikuwa na ugonjwa mmoja: alitaka utulivu. Alifukuza watoto, alisimamisha vinu vya kusaga, alituma watu kuwaomba majirani wasikate kuni. Jogoo wa jirani aliwika katikati ya wimbo wa kwaya, Mkurugenzi akatoka nje, akamnunua. Tulimla siku hiyohiyo, na ukweli ni kwamba alikuwa mgumu sana.

Nawaambieni haya ili mwelewe tulivyokuwa tulipokwenda Ndhiwa. Mimi mtu wa waya na betri, yeye mtu wa utulivu, na wote wawili tukijiona tunajua kazi.

Aliyetuita ni mwuguzi, Sista Awuor. Alikuja kituoni na yunifomu yake, akakataa kukaa. Baba yake, Jaduong' Abonyo, alikuwa mpigaji nyatiti. Jaduong' ndivyo tunavyomwita mzee kwa heshima, na nyatiti ni ala yetu ya nyuzi nane. Mzee huyo alikuwa amepiga kwenye matanga ya Ndhiwa tangu ujana wake, na hakuna mtu aliyewahi kumrekodi, hata kwa redio ya mkononi.

"Ana uvimbe kooni," Sista Awuor akasema. "Keshokutwa nampeleka Kisumu kupasuliwa. Wanatoa kisanduku chote cha sauti. Akipona, atapona bila kusema. Kwa hivyo ni kesho au basi."

Mkurugenzi alinitazama. "Nyar Uriri, vifaa viko tayari?" Ndivyo alivyoniita, binti wa Uriri.

"Vitakuwa," nikasema.

Siku hiyo nilisafisha kichwa cha rekoda mpaka pamba ikatoka nyeupe. Nilinunua betri mpya na kaseti mpya, nikapima maikrofoni zote mbili, moja ya nyuzi na moja ya sauti. Tulikuwa na waya wa tatu wa akiba, lakini nilikuwa nimeukata majuzi kutibu mwingine, na Mkurugenzi hakuwa na fungu la kununua mpya. Haukunisumbua moyo. Nyaya mbili zilikuwa zinatosha.

Tulifika Ndhiwa asubuhi, pikapu imepakwa matope meusi hadi madirishani. Boma lilikuwa kimya kabisa. Sista Awuor alikuwa amewaondoa watu wote. Majirani, shemeji, wajukuu, wote aliwatoa nje ya ua wa michongoma, akafunga lango. Tuliwaona wakichungulia kati ya matawi. Mkurugenzi alisimama katikati ya boma, akasikiliza, akatabasamu kama mtu aliyepewa zawadi.

"Sista, ungekuja kunifanyia kazi," akamwambia.

"Daktari alisema atumie sauti kidogo," Sista akajibu. "Nataka aimbe, amalize, apumzike."

Jaduong' Abonyo alitoka ndani akitembea polepole, shingo imefungwa kitambaa. Alikaa kwenye kigoda kifupi, kwa sababu nyatiti haishikwi kifuani, inalazwa chini na mpigaji huinama juu yake. Alikuwa na njuga mguuni, na kwenye kidole gumba cha mguu alivaa pete ya chuma ya kugongea ubao wa nyatiti. Mikono inacheza, mguu unagonga, mdomo unaimba. Mtu mmoja, lakini ukifumba macho utadhani ni watatu. Niliweka maikrofoni moja chini karibu na nyuzi na nyingine mbele ya mdomo, nikarudi kwenye rekoda, nikavaa hedifoni na kumpa Mkurugenzi ishara.

Akaanza. Nyuzi zilikuwa safi kuliko kitu chochote nilichowahi kusikia masikioni. Kisha akaimba, na mshale wa kupimia sauti ukainuka kidogo tu, ukaanguka. Aliimba mistari michache kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo, akakohoa, akaacha.

"Ongeza," Mkurugenzi akaninong'oneza.

Nikaongeza. Akaimba tena, na tena akaacha. Mara ya tatu alikohoa muda mrefu, na Sista Awuor akamshika bega.

Nilianza nje kuingia ndani kama nilivyofundishwa. Betri zilikuwa nzima, mshale wake umekaa kwenye kijani. Plagi zilikuwa zimekaza. Niliongea kwenye maikrofoni, nikajisikia vizuri kabisa. Nilirekodi kidogo, nikacheza, na kila kitu kilikuwa sawa. Jasho lilikuwa likinitoka mgongoni na jua halijawa kali. Hakuna kitu kinachomtisha fundi kama mashine isiyo na kosa na kazi isiyotoka.

"Jaduong'," Mkurugenzi akauliza kwa upole, "kuna kitu kinachokusumbua?"

Mzee aliangalia lango, halafu akatuangalia sisi watatu tulioketi kimya mbele yake kama watu wa mahakama.

"Ni nani atakayenizuia?" akauliza.

Mimi na Mkurugenzi ni Wajaluo, tulielewa mara moja, na nilitamani ardhi inimeze. Kwa wasiojua nitaeleza. Nyatiti haipigiwi watu walionyamaza. Mpigaji akishika wimbo, msikilizaji husimama, humkatiza, hurusha sarafu, na kujisifu mbele ya watu wote: mimi ni fulani, mwana wa fulani, mimi ndiye hivi na hivi. Hiyo inaitwa pakruok. Mpigaji humsikiliza, humjibu, hulichukua jina lake na kuliingiza ndani ya wimbo, na kutoka hapo wimbo unapanda. Tulikuwa tumemwondolea mzee watu wake kisha tunashangaa mshale haupandi.

"Afungue lango," Jaduong' Abonyo akasema.

"Hapana," Sista Awuor akasema. "Baba, kila mtu atakayekuzuia itabidi umjibu. Utaimalizia sauti kwa Otieno fundi cherehani na wake za watu, halafu wimbo wa bibi utauimba na nini?"

Huo ndio wimbo alioutaka Sista, wimbo ambao mzee alimtungia mama yake mzazi. Mzee alikuwa akiuimba mwisho, baada ya nyingine zote.

"Nikiuimba hivi haujafika," mzee akasema.

"Ufike nusu, ni afadhali. Watoto wangu watasikia nusu."

"Awuor. Hii sauti naiweka akiba ya nani? Kesho wanaitupa kwa ndoo."

Sista Awuor alifunika uso kwa mikono. Mimi nilikuwa nimeshika kitufe cha rekoda na sijui hata nilikishikia nini. Nilimwonea huruma Sista kuliko baba yake, maana yeye ndiye aliyekuwa anajua kilichomo kooni, alikuwa ameona picha zake hospitalini. Alilia kidogo, bila sauti, akajipangusa na aproni, halafu akaenda mwenyewe kulifungua lango.

Yawa! Watu waliingia kama maji. Mkurugenzi wangu, yule aliyenunua jogoo kwa ajili ya utulivu, alianza kuwapanga. "Mnaotaka kujisifu, simameni huku karibu na ghala, si mbele ya maikrofoni! Mama, wewe wa sauti kubwa, rudi nyuma. Bado. Rudi tena!" Mimi nilibaki na kazi ya kidole. Kwenye rekoda kuna kitufe cha kuzungusha cha kuongeza na kupunguza sauti, na mshale ukiingia kwenye nyekundu sauti inapasuka, na sauti iliyopasuka haishoneki. Ilibidi nimsome kila mtu usoni kabla hajafungua mdomo.

Mzee akashika nyuzi. Fundi cherehani hakuchelewa. "Simamisha!" akapiga kelele, sarafu ikalia chini. "Mimi ni Otieno, kaka wa wasichana ambao ng'ombe wa mahari yao hutembea wenyewe mpaka kwetu!" Watu wakacheka, mzee akacheka, akamjibu kwa wimbo, na mshale ukaruka mpaka karibu uingie kwenye nyekundu. Akafuata mama mmoja mwenye kibanda sokoni: "Mimi ndiye niliyemnyamazisha mume kwa mchuzi!" Mzee akamwingiza naye, na mume pia, na mchuzi. Shingo ilikuwa imenyooka. Sauti ilikuwa na mikwaruzo, lakini ilikuwa sauti ya mtu, si tangazo tena. Nilipowatazama, Sista Awuor alikuwa amesimama nyuma ya baba yake na kikombe cha maji, akihesabu pumzi zake kwa midomo.

Basi wakati mambo yalipokuwa yamepamba moto, hedifoni zangu zikasema *krak*.

Nilidhani ni njuga. Ikaja tena, na safari hii sauti ya mzee ikatoweka kabisa kwa muda kisha ikarudi. Nyuzi zilikuwapo, kelele za watu zilikuwapo, yeye hayupo. Niliinua mkono. Mkurugenzi akaja mbio, akainama.

"Nini?"

"Sauti yake inakatika."

"Isikatike!" akasema, kana kwamba mimi ndiye ninayeikata.

Nilibadilisha plagi mbili pale kwenye rekoda, ya nyuzi nikaiweka kwenye tundu la sauti na ya sauti kwenye tundu la nyuzi. Kosa likahama nayo. Kwa hivyo rekoda ilikuwa nzima. Nikabadilisha maikrofoni, nikaacha waya palepale. Kosa likabaki na waya. Kwa hivyo maikrofoni zilikuwa nzima. Niliukunja waya ule kidogo kidogo kama siku yangu ya kwanza, haukukatika popote. Ndipo nikaona kwamba sauti hupotea kila mzee anapogonga kwa mguu. Kugonga kwa pete yake kulikuwa kunatikisa ardhi, mti ulioshikilia maikrofoni unatikisika, na plagi inatikisika. Nilifungua plagi. Uzi mmoja wa waya ulikuwa umeachia lehemu yake, umesimama tu ukigusa na kuachia.

"Tutumie maikrofoni moja," Mkurugenzi akasema. "Tuache nyuzi, tuchukue mdomo."

Jaduong' Abonyo alisikia. "Mwalimu, nyuzi ndizo zinazoimba. Mimi nazijibu tu. Tengenezeni." Kisha akatuambia jambo lililonitia baridi: "Lakini fanyeni haraka. Naisikia inaenda."

Hakuacha kupiga. Alifunga mdomo akaendelea na nyuzi peke yake, polepole, ili mikono isipoe na watu wasitawanyike. Na kila mtu pale alielewa kwamba nyuzi zile zilikuwa zinatusubiri sisi.

Kulehemu kunahitaji moto wa umeme, na Ndhiwa kule kwao umeme ulikuwa haujafika. "Jiko!" nikasema. "Na msumari, ule mkubwa wa paa!" Mke wa mzee alikuwa ameshalileta jiko kabla sijamaliza, makaa yamekolea. Niliutia msumari motoni, nikaushika kwa koleo. Lehemu nilikuwa nayo, kipande kidogo mfukoni. Mkurugenzi alishika plagi, lakini vidole vyake havikuweza kuushika ule uzi, mwembamba kama unywele. Nilijaribu. Msumari ulikuwa umepoa njiani, lehemu ikashika kidogo ikabanduka.

Nyuma yetu mzee alikohoa, nyuzi zikakosea pigo moja.

"Nipe," Sista Awuor akasema. Alipiga magoti kando yangu, akatoa kibano chake cha hospitali mfukoni, akaushika ule uzi mahali pake. Mkono wake haukutikisika hata kidogo. "Mimi nashona watu. Wewe leta moto."

Nikautoa msumari ukiwa mwekundu, nikaugusisha. Moshi ulimpanda machoni, hakupepesa. Lehemu ikayeyuka, ikang'aa, ikatulia. Tulipuliza wote wawili kama wapumbavu. Nikafunga plagi, nikarudi kwenye hedifoni, nikamwonyesha mzee kidole gumba. Akagonga kwa mguu kwa nguvu zote. Sauti haikukatika.

Niligeuza kaseti upande wa pili, maana sikutaka utepe uishe katikati. Mzee akamtazama binti yake, akaanza wimbo wa mama yake.

Sitaueleza wimbo wenyewe. Nitasema tu kwamba safari hii waliomzuia walikuwa wazee, mmoja mmoja, na walijisifu kwa majina ya mama zao, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Mzee aliyaingiza yote. Karibu na mwisho sauti yake ikawa pumzi, na niliongeza kitufe, nikaongeza, mpaka nikasikia mate yakishuka kooni mwake. Damu kidogo ilimtoka mdomoni, ikadondokea kitambaa cha shingoni. Sista Awuor alipiga hatua moja mbele, akajizuia. Akamwacha amalize, na alimaliza. Nyuzi zikanyamaza, na hakuna aliyepiga makofi. Nilisubiri, kisha nikabonyeza kitufe cha kusimamisha.

Kabla ya kukunja waya tulikuwa na sheria: huondoki bila kusikiliza ulichorekodi. Nilirudisha utepe kidogo, nikatoa hedifoni, nikacheza kwa spika. Ilikuwa hapo yote, sauti na nyuzi na vicheko. Watu walisogea. Mkurugenzi akamkaribisha mzee asikie.

Jaduong' Abonyo akakataa kwa mkono. "Leo bado ninayo," akasema, na akaingia ndani kulala.

Nilivunja vijino viwili vya nyuma ya kaseti, vile vidogo ambavyo vikiondolewa hakuna mtu anayeweza kurekodi juu yake, si mtoto wala shemeji mlevi. Niliviweka mfukoni nikapanda pikapu. Njiani, karibu na Rodi, Mkurugenzi alinigeukia. Halafu akasema, "Nyar Uriri, pale kwenye lango nilikuwa mjinga." Nikamjibu kwamba tulikuwa wajinga wawili.

Nilifanya kazi naye miaka mingi baada ya hapo. Kaseti zikaondoka, zikaja CD, zikaja kompyuta, nami nikastaafu nikiwa naitwa Fundi Mkuu, na kuna vijana walioniogopa kama nilivyomwogopa yule Mkuria wangu. Sasa niko Uriri. Vijana wa kijijini wanakuja na simu zao. "Mama, sauti haitoki." Nawauliza, umesafisha tundu? Umeangalia waya? Wananiambia simu haina waya, na nawaambia basi kaa nayo. Lakini huwa nawasaidia. Na huwa nawaambia kitu ambacho hakimo kwenye cheti chochote: ukimaliza kupima vifaa vyote na kosa halionekani, inua macho uangalie umemweka mtu wako mbele ya nani.

Huuliza pia ni siku gani iliyonitisha zaidi katika kazi. Wanatarajia niseme ya msumari. Msumari sikuuogopa. Niliogopa siku ya kupeleka kaseti.

Mzee alipona. Miezi ilipita, akarudishwa nyumbani Ndhiwa, na Sista Awuor akatuita. Mkurugenzi alikuwa mgonjwa, nikaenda peke yangu na rekoda na nakala ya kaseti. Boma lilijaa watu. Jaduong' Abonyo alikuwa amekonda, na kitambaa cha shingoni sasa kilikuwa kimefunika tundu alilopumulia. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Mdomo wake ulisema jina langu na hakuna kilichotoka.

Alikaa upande wa wasikilizaji. Nadhani maisha yake yote alikuwa hajawahi kukaa huko. Niliweka rekoda juu ya meza ndogo mbele yake, nikabonyeza, na sauti yake ikatoka. Wanawake walianza kulia. Otieno fundi cherehani alijisikia akijisifu, akainamisha kichwa. Mimi sikuweza kumtazama mzee. Nilishughulika na kitufe ambacho hakikuhitaji kushughulikiwa, nikijiambia tumemletea mtu huyu mateso.

Ukafika wimbo wa mama yake. Ulipokuwa umepanda vizuri, mzee akanyoosha mkono, akabonyeza kitufe mwenyewe. *Tak*. Kimya.

Niliruka. "Jaduong', imekukosea? Niitoe?"

Akatikisa kichwa. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa sarafu, akaitupa chini mbele ya rekoda. Kisha akasimama, akajipiga kifua kwa kiganja, na kumtazama Sista Awuor.

Sista alikuwa amesimama mlangoni. Alichelewa kuelewa, au hakutaka. Baba yake akajipiga kifua tena. Basi akaja, akasimama kando yake, bega kwa bega, yule aliyekuwa amefunga lango ili baba yake asizuiwe na mtu.

"Nimesimamisha wimbo," akasema badala ya baba yake, "sasa mnisikie. Mimi ni Abonyo! Mwana wa mwanamke aliyelima akiwa amenibeba! Mimi ndiye niliyewazika wazee wa Ndhiwa kwa nyuzi nane! Koo langu liko kwenye ndoo Kisumu, na bado nikiimba mnanyamaza!"

Boma lote likalipuka. Mzee alisimama palepale, kidevu juu, akisubiri kelele zitulie kama kila mtu aliyejisifu anavyosubiri kujibiwa. Zilipotulia aliketi, akainama, akabonyeza kitufe, na akajijibu.